Watoto wa Lumumba bado wanaidai Ubelgiji: kesi ya Brussels imefikaje hapa? (Uzi mrefu)

Mzee wa Gerezani (mwanzisha uzi), 2 Julai 2025

Wakuu, salaam.

Leo Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, angetimiza miaka 100. Alizaliwa Onalua, Kasai, tarehe 2 Julai 1925. Najua humu jukwaani ukitaja "Lumumba" nusu ya watu wanawaza ile ofisi ya CCM pale Mtaa wa Lumumba, Dar, nusu nyingine wanaanza kurushiana matusi. Leo naomba tuwe na adabu kidogo, namzungumzia mwenye jina lake.

Kifo chake tunakijua juu juu. Shuleni tulikariri Wabelgiji, Tshombe, Mobutu, CIA, basi, mwalimu akafuta ubao. Yaliyofuata nyumbani kwa marehemu hatukuambiwa. Aliacha mjane na watoto, na watoto hao wamefuatilia damu ya baba yao mpaka na wao wamekuwa wazee wenye wajukuu. Mwezi uliopita, tarehe 17 Juni, mwendesha mashtaka wa shirikisho wa Ubelgiji ameomba mtu mmoja, Étienne Davignon, apelekwe mahakamani. Mtu mmoja tu, na ana miaka 92.

Naandika kwa sababu naona watu wanasambaza habari hii kana kwamba Ubelgiji imeamka asubuhi ikajisikia vibaya. Hapana. Serikali ile haijasogea hata hatua moja bila kusukumwa kwa nyuma, na waliosukuma ni familia pamoja na watafiti wachache wabishi.

Mtoni Sankuru

Novemba 1960 Lumumba alikuwa amefungiwa ndani ya nyumba yake Léopoldville (Kinshasa). Rais Kasavubu alikuwa ametangaza kumfukuza uwaziri mkuu tarehe 5 Septemba, Mobutu wa jeshi akapindua tarehe 14. Nyumba ilizungukwa mara mbili: askari wa Umoja wa Mataifa karibu na ukuta wakimlinda, na nje yao askari wa Mobutu wakimsubiri atoke. Tarehe 27 akatoroka, akashika njia ya Stanleyville (Kisangani), kwa watu wake.

Tarehe 1 Desemba walifika Lodi, kwenye mto Sankuru. Lumumba akatangulia kuvuka kwa mtumbwi. Mkewe Pauline Opango akabaki ng'ambo na mtoto wao Roland, ambaye hata miaka mitatu hajafika, wakingoja mtumbwi uwarudie. Askari wakawakuta palepale. Lumumba alikuwa keshavuka na njia iko mbele yake. Akageuza akawarudia.

Hapo ndipo alipokamatwa. Kila nikisoma wataalamu wanaochambua "makosa ya kisiasa ya Lumumba" huwa nawaza wangefanya nini wao pale mtoni.

Akapelekwa kambi ya Thysville. Tarehe 17 Januari 1961 yeye, Maurice Mpolo aliyekuwa waziri wake wa vijana, na Joseph Okito wa baraza la seneti, wakapakiwa kwenye ndege kwenda Élisabethville (Lubumbashi), kwa Tshombe, kiongozi wa mkoa wa Katanga uliokuwa umejitenga, adui yao mkubwa. Walipigwa njia nzima. Walipotua Luano, askari wa Uswidi wa Umoja wa Mataifa waliwaona wakishushwa na kuondolewa, wakabaki wanaangalia. Usiku huohuo wakapigwa risasi porini, Tshombe na baadhi ya mawaziri wake wakishuhudia, na Wabelgiji waliokuwa wakitumikia jeshi na polisi wa Katanga wakiwa palepale kazini.

Kisha ikaja kazi ya kupoteza ushahidi. Ofisa wa polisi wa Kibelgiji, Gerard Soete, na mwenzake wakafukua maiti, wakazikatakata, wakaziyeyusha kwa asidi. Tarehe 13 Februari Katanga ikatangaza kwamba Lumumba alitoroka akauawa na wanakijiji. Pauline alipopata habari alitembea barabarani Léopoldville kifua wazi, kwa desturi ya msiba ya kwao, akienda kwa Umoja wa Mataifa kudai maiti ya mumewe. Hakupewa. Maiti haikuwepo tena. Hilo ndilo dai la kwanza la familia hii, na lilijibiwa miaka 61 baadaye kwa jino moja. Nitalifikia.

Kimya cha miaka 40

Watoto François, Patrice na Juliana walikuwa wameshatolewa kwa siri kupelekwa Cairo, kwa Rais Nasser, baba yao akiwa bado hai. Wamekulia Misri. Nyumbani, Mobutu mwaka 1966 akamtangaza Lumumba shujaa wa taifa! Aliyemfungasha kwenye ndege ndiye aliyemvika taji. Sasa wewe mtoto utakwenda mahakama ipi ya Kinshasa, ukamshtaki nani, mbele ya hakimu aliyeteuliwa na nani?

Mlango ulifunguliwa na Mbelgiji, mtafiti Ludo De Witte, aliyechapisha kitabu mwaka 1999 akionyesha kwa nyaraka za serikali yao wenyewe jinsi Brussels ilivyohusika. Kelele zikawa kubwa hadi bunge likaunda kamati ya uchunguzi. Novemba 2001 kamati ikahitimisha kwamba mawaziri na maofisa fulani wa Ubelgiji walikuwa na "uwajibikaji wa kimaadili". Februari 2002 waziri wa mambo ya nje, Louis Michel, akaomba radhi na kuahidi mfuko wa euro milioni 3.75 kwa jina la Lumumba. Mfuko huo watu wameungoja mpaka leo.

Wanasheria humu wataniunga mkono: uwajibikaji wa kimaadili hauna mshtakiwa. Hakuna anayeitwa kujibu, hakuna anayeapa, hakuna faili linalosomwa hadharani. Unapewa pole, unaambiwa mambo yamekwisha. Mimi naona lile lilikuwa jibu la kisiasa lililotungwa vizuri sana, na familia nyingine yoyote ingechoka hapo.

Ujanja wa mwaka 2011

Juni 2011 François, mtoto mkubwa, akafungua malalamiko Brussels dhidi ya Wabelgiji wapatao kumi waliokuwa bado hai. Hapa ndipo penye utamu, someni taratibu.

Sheria ya Ubelgiji, kama ya Ufaransa, inamruhusu aliyedhurika kwenda mwenyewe kwa hakimu mpelelezi na kujiunga kama upande katika kesi ya jinai. Huhitaji kumbembeleza mwendesha mashtaka wa serikali. Ukishaingia hivyo, upelelezi unaanza. Ndiyo maana walikwenda kule na si kwingine.

Kikwazo kilikuwa muda. Mauaji ya kawaida ya 1961 yalishapitwa na muda wa kushtakiwa zamani sana. Uhalifu wa kivita ndio haupitwi. Kwa hiyo wakili wao, Christophe Marchand, na wenzake hawakusimama kwenye hoja kwamba baba wa watu ameuawa, walisimama kwenye hoja kwamba Januari 1961 Kongo ilikuwa vitani. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia tarehe 10 Julai 1960 bila idhini ya serikali ya Lumumba, kesho yake Katanga ikajitenga, na maofisa wa Kibelgiji wakaisimamia. Ikiwa ni vita kati ya mataifa, basi Lumumba alikuwa mateka anayelindwa na Mikataba ya Geneva. Kumhamisha kinyume cha sheria, kumnyima kesi ya haki, kumdhalilisha, kila kimoja ni uhalifu wa kivita peke yake, hata kabla hujafika kwenye risasi.

Desemba 2012 mahakama ya rufaa ya Brussels ikakubali upelelezi uendelee kwa msingi huo. Wazungu wengi walikuwa na hakika faili litatupwa.

Halafu upelelezi ukatambaa. Mwaka baada ya mwaka. Watuhumiwa wakawa wanakufa mmoja mmoja, wazee wenye pensheni zao. Pauline naye akafariki Desemba 2014 huko Kinshasa, hajazika mume.

Jino

Soete alishawahi kujigamba mbele ya kamera za televisheni kwamba alitunza meno ya Lumumba, baadaye akadai ameyatupa baharini. Akafa mwaka 2000. Mwaka 2016 binti yake akaonyesha gazetini jino moja lenye dhahabu, mali ya urithi kutoka kwa baba! De Witte akafungua malalamiko, polisi wakalikamata.

Tarehe 30 Juni 2020, siku ya uhuru wa Kongo, Juliana akamwandikia Mfalme Philippe kudai mabaki ya baba yake. Septemba mahakama ikaamua jino lirudishwe kwa familia. Tarehe 20 Juni 2022, katika kasri la Egmont, mwendesha mashtaka Frédéric Van Leeuw akawakabidhi watoto kisanduku kidogo cha buluu. Jino halijapimwa vinasaba, kwa sababu kipimo kingelimaliza lote. Wakaliweka kwenye jeneza la ukubwa wa mtu, likazungushwa Onalua, Kisangani na Lubumbashi, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni 2022.

Waziri Mkuu De Croo alirudia siku ile maneno yaleyale ya uwajibikaji wa kimaadili. Yaani miaka 20 imepita toka 2002 na hawakuongeza hata neno.

Sasa hivi

Wa mwisho aliyebaki hai katika orodha ya 2011 ni Étienne Davignon. Mwaka 1960 alikuwa mwanadiplomasia kijana, mwanafunzi wa kazi. Baadaye akawa mtu mzito sana: makamu wa rais wa Tume ya Ulaya, mwenyekiti wa makampuni makubwa. Mwendesha mashtaka anataka ashtakiwe kwa kushiriki kumshikilia na kumhamisha Lumumba kinyume cha sheria, kumnyima kesi ya haki na kumtendea kwa kumdhalilisha. Kosa la kukusudia kuua, mwendesha mashtaka mwenyewe amesema liondolewe. Davignon amekana kuhusika, na sheria inamhesabu hana hatia mpaka ithibitishwe.

Karibuni tujadili. Wenye matusi wapite kule kwenye uzi wa Simba na Yanga.

---

Buku Tano

Mkuu heshima yako, umeshuka nondo. Ila tuseme ukweli, Lumumba aliuawa na CIA. Wabelgiji wanabebeshwa tu zigo na Wamarekani wamekaa pembeni wanakula popcorn.

---

Mzee wa Gerezani

Buku Tano, CIA walitaka kumuua, hilo si uvumi. Kamati ya Seneti ya Marekani ilichunguza mwaka 1975 ikaeleza waziwazi: mkemia wao, Sidney Gottlieb, alibeba sumu mpaka Léopoldville Septemba 1960 akamkabidhi mkuu wa kituo chao, Larry Devlin. Sumu haikutumika. Wamarekani walimpa Mobutu fedha na kichwa, lawama yao iko palepale.

Lakini safari ya kwenda Katanga ina karatasi za Brussels. Waziri wa mambo ya Afrika wa Ubelgiji, d'Aspremont Lynden, mnamo 6 Oktoba 1960 aliandika kwamba lengo kuu ni kumwondoa Lumumba moja kwa moja. Na 16 Januari 1961, siku moja kabla ya mauaji, akatuma ujumbe Katanga kumsisitizia Tshombe ampokee. Hiyo ni siku moja, ndugu yangu. Mtoto wa marehemu anayetafuta mlango wa mahakama atakwenda kwenye karatasi ya namna hiyo kwanza. Marekani utamshtaki nani, kwa sheria ipi?

---

Lushois 243

Bandugu, jambo. Mimi niko Lubumbashi. Mahali walipomuulia panaitwa Shilatembo, ni kwenye barabara ya Likasi, kama kilomita 50 hivi. Sasa kuna mnara wa ukumbusho. Jeneza lilipopita 2022 watu walijaa, vijana wengi wanapiga picha na simu. Wazee kidogo walinyamaza.

Mniruhusu niseme kile ambacho watu wa Kinshasa wanasema kwa ukali na sisi wa Katanga tunakisema polepole. Hakuna Mkongo hata mmoja amehukumiwa kwa damu hii. Tshombe alikufa Algiers 1969, Kasavubu mwaka huohuo, Munongo 1992, Mobutu 1997 huko Rabat. Wote wamezikwa. Askari waliofyatua, maofisa waliomfunga kamba, wote hawa walikuwa na majina. Walirudi mtaani, wakazaa, watoto wao tumesoma nao. Familia ilikwenda Brussels kwa sababu Brussels kulikuwa na hakimu, sawa, mimi ninaielewa. Lakini Kinshasa mpaka leo kila rais anapiga picha na sanamu ya Lumumba, na hakuna hata mmoja aliyefungua dosye.

Na kaburi lenyewe Novemba 2024 watu walivunja vioo wakaharibu ndani. Serikali ilisema jino liko salama. Nchi nzima inashindwa kulinda jino moja!

---

Mwisho wa Reli

Lushois umemtaja Munongo, ngoja niongeze kitu ambacho wenzetu wa huku hawakijui. Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga, ndiye aliyejitokeza Februari 1961 kusoma ile hadithi ya wanakijiji. Sasa Munongo ni wa ukoo wa Msiri. Na Msiri ni wa kwetu kabisa, Usumbwa, watu wa misafara ya Unyamwezi waliokwenda kununua shaba wakaishia kujenga dola la Garenganze. Wayeke wa Katanga mpaka leo wanajua asili yao ni huku.

Msiri alikataa bendera ya Mfalme Leopold, akauawa kwa risasi Desemba 1891 na msafara uliotumwa kwa niaba ya mfalme huyo huyo. Baada ya miaka 70, mjukuu wake anakaa meza moja na Wabelgiji kumnyamazisha Lumumba. Sijui nilie au nicheke.

---

Dada wa Kisumu

Shikamoo Mzee wa Gerezani. Huku kwetu Kenya kuna wanaume wengi sana wa rika la miaka sitini wanaoitwa Lumumba, wa kwanza kumfikiria ni wakili wetu Profesa PLO Lumumba. Wazazi walikuwa wanazika kwa njia yao, kwa kumpa mtoto jina.

Mimi nimekwama kwa hiyo sehemu ya hakimu mpelelezi. Jumamosi hii inatimia miaka 56 tangu waziri wetu Tom Mboya apigwe risasi Nairobi, 5 Julai 1969. Mmoja alinyongwa, waliomtuma hawajulikani rasmi hadi leo. Mbunge JM Kariuki, Machi 1975, kamati ya bunge ilichunguza na ikataja wakubwa, hakuna aliyehukumiwa. Waziri Robert Ouko, 1990, tume moja baada ya nyingine. Familia zote hizi ziliambiwa zisubiri serikali. Je, sheria yetu ingeziruhusu kufanya kama François alivyofanya?

---

Mzee wa Gerezani

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo nililokuwa nalingoja, lakini mimi si wakili. Kuna mtu wa sheria humu?

---

Wakili Msomi wa Mchongo

Nipo, na jina langu lisiwatishe, kazi nafanya kweli.

Kenya na Tanzania tulirithi mfumo wa Kiingereza. Kwetu jinai ni mali ya serikali, mhanga ni shahidi tu. Mashtaka binafsi yapo kwenye vitabu, unaweza kumwomba hakimu ruhusa, lakini mkurugenzi wa mashtaka ana nguvu ya kuingilia, kulichukua au kulizima, na kwa kesi ya mauaji yenye mkono wa serikali sijaona likifika mbali. Huna nguvu za upelelezi, huwezi kupekua ofisi ya mtu, unabaki na vipande vya magazeti. Kule Ubelgiji hakimu mpelelezi akishapewa faili ana nguvu zote hizo, na ni wajibu wake kutafuta hata yanayomfaa mtuhumiwa.

Ila na sisi tuna kimoja wasichokuwa nacho wao: kwetu mauaji hayapitwi na muda. Kesi ya 1969 kisheria inaweza kufunguliwa kesho. Kinachokosekana si kifungu, ni mtu wa kusaini hati ya mashtaka.

---

Mpwayungu Junior

Samahanini wazee lakini mimi nitakuwa mkweli. Babu wa miaka 92 mnataka afungwe ili iweje? Alikuwa kijana wa miaka 28, karani tu wa ubalozi, anatumwa na wakubwa. Wakubwa wenyewe wameshakufa kitambo. Hii ni kukomoana. Familia ichukue fidia, ijengewe shule, maisha yaendelee.

---

Mwisho wa Reli

Mpwayungu, shule gani? Ule mfuko wa 2002 ulikuwa ndiyo hiyo "maisha yaendelee". Uko wapi?

---

Mzee wa Gerezani

Mpwayungu hoja yako si ya kubezwa, hata kule Ubelgiji wapo wanaoisema. Lakini angalia nani kachelewesha. Malalamiko yamefunguliwa 2011, Davignon akiwa na miaka 78 na wenzake kadhaa wako hai. Upelelezi umekaa miaka 14. Huwezi kukalia faili mpaka mtu azeeke kisha useme jamani mwacheni amezeeka.

Halafu sidhani kama kuna mtu ndani ya familia ile anayeota kumwona babu huyu ndani ya selo. Kesi ya wazi ina kazi nyingine. Nyaraka zinasomwa mahakamani, mtu anaulizwa ulituma ujumbe gani tarehe fulani, na hakimu anaandika hukumu. Mpaka leo hakuna hukumu yoyote ya mahakama, popote duniani, inayosema Lumumba alifanyiwa nini na nani. Kuna ripoti ya wabunge, kuna vitabu, kuna pole za mawaziri. Mimi kwa upande wangu hata akiachiwa huru baada ya kesi kusikilizwa vizuri, nitaona kazi imefanyika.

---

Buku Tano

Hapo nimekuelewa mkuu. Ila kwa nini wameondoa kosa la kuua? Si ndiyo kiini?

---

Wakili Msomi wa Mchongo

Kwa sababu kukusudia kuua lazima kuthibitishwe kichwani mwa mtuhumiwa huyu huyu, na yeye alikuwa Léopoldville, si porini Katanga. Kumhamisha mtu kinyume cha sheria ni rahisi zaidi kufuatilia kwenye karatasi: nani alijua, nani alishauri, nani alipitisha ujumbe. Usiudharau uhamisho ule. Kila aliyekuwa kwenye siasa za Kongo mwaka ule alijua kwamba kumpeleka Lumumba kwa Tshombe ni sawa na kumsindikiza kaburini.

---

Binti Sankuru

Nashukuru kwa uzi. Nilete mfano mwingine wa familia isiyochoka, Mariam Sankara. Mumewe Thomas, rais wa Burkina Faso, aliuawa Ouagadougou tarehe 15 Oktoba 1987, cheti cha kifo kikaandikwa amekufa kifo cha kawaida! Mtu aliyemiminiwa risasi. Mwaka 1997 Mariam akafungua malalamiko, mahakama za Rais Compaoré aliyemrithi zikawa zinalitupa huku na kule, akalipeleka mpaka kamati ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Ilibidi Compaoré apinduliwe na wananchi Oktoba 2014 ndipo faili likapumua. Kesi ikaanza Oktoba 2021, na tarehe 6 Aprili 2022 Compaoré akahukumiwa kifungo cha maisha akiwa hayupo, amejificha Côte d'Ivoire.

Tofauti ninayoiona ni kwamba Burkina walimhukumu wa kwao, Kongo wanamngojea Mbelgiji ahukumu Mbelgiji. Lushois amenigusa pale.

---

Lushois 243

Binti Sankuru, ndiyo. Ila Burkina mashahidi walikuwa hai, miaka 34 tu. Sisi tumengoja mpaka wote wamekwisha. Watoto wa Mpolo na watoto wa Okito mnawasikia wapi? Hata jino hawakupata. Ukienda Shilatembo utaona watu wanapiga picha kwa Lumumba, hao wawili wanatajwa kama abiria wa gari lake.

---

Dada wa Kisumu

Hiyo ya Mpolo na Okito imeniuma. Kweli hata mimi nilikuwa nayasoma majina yao na kuyaruka.

Swali la mwisho kabla sijalala: baada ya hili ombi la mwendesha mashtaka, nini kinafuata? Anapandishwa kizimbani lini?

---

Wakili Msomi wa Mchongo

Bado, dada. Ombi la mwendesha mashtaka halimpeleki mtu kizimbani. Faili linakwenda kwanza kwa baraza la mahakama ya mwanzo Brussels, jaji mmoja anakaa faragha, anasikiliza upande wa mashtaka, upande wa familia na upande wa utetezi, kisha anaamua kama kuna ushahidi wa kutosha wa kuipeleka kesi mbele. Kikao kimepangwa Januari 2026. Hata akikubali, utetezi una nafasi ya kukata rufaa, na hoja ya kama kulikuwa na vita kati ya mataifa lazima irudi mezani, kwa sababu ikianguka hiyo, lile suala la muda linarudi na kesi yote inaanguka nayo. Kwa hiyo mkisikia Januari mawakili wanabishana kuhusu wanajeshi wa Kibelgiji wa Julai 1960 msishangae kwamba hawamtaji Lumumba. Ndiyo kesi yenyewe.

---

Mzee wa Gerezani

Mods naomba uzi huu ubaki juu mpaka Januari. Lushois, ukipata chochote kilichoandikwa kuhusu familia za Mpolo na Okito kilete hapa, kwa Kifaransa hakuna shida, tutafasiri.